Sahani za Msimamizi

Tulimwita Msimamizi hata pale ambapo hapakubaki kitu cha kusimamia. Kiwanda cha nguo kilikuwa kimefungwa, mageti yameota kutu, mbuzi wa watu wanajilia majani pale tulipokuwa tukipanga foleni ya zamu, lakini ukiingia Kirumba ukauliza nyumba ya Msimamizi, mtoto yeyote angekuonyesha: ile inayotoa mdundo wa gitaa zito dirishani kila Jumamosi alasiri. Jina lake la ubatizo nililiona mara moja tu, kwenye orodha ya walioachishwa kazi, nikashangaa kumbe naye ana jina kama sisi wengine.

Habari za kuzaliwa na ukoo wake sizijui, na yeye mwenyewe hakuzipenda. Ukimuuliza ni mtu wa wapi alijibu, "Mimi ni wa zamu ya asubuhi," na maongezi yakaishia hapo. Nilichojua ni kwamba kwao ni ng'ambo ya ziwa, upande wa Busisi, kwa sababu mihogo mikavu ilikuwa ikimjia kutoka huko kila mwaka, naye akiigawa kwa majirani kwa vile hakuipenda.

Alikuwa mrefu, mwembamba, mwenye nywele za afro ambazo katikati zilikwisha kuhama zikabaki pembeni, na hizo zilizobaki alizichana kwa heshima zote, kitana mfuko wa nyuma. Suruali zake zilikuwa bugaluu, pana miguuni kama sketi. Miaka hiyo mji mzima ulikuwa umehamia kwenye mitumba, kila mtu na jinzi ya marehemu wa Ulaya, yeye akawa bado anafagia vumbi la Kirumba kwa bugaluu zake. Moja ilikuwa na kiraka kirefu kuanzia goti mpaka chini. Hiyo ilichanwa na vijana wa chama enzi zile za kuwinda mavazi ya kigeni, akaishona kwa kitambaa cha daraja la kwanza cha kiwanda chetu, akaendelea kuivaa. Cha ajabu ni kwamba yeye mwenyewe alikuwa balozi wa nyumba kumi. Alikaa kwenye kikao kilichoulaani muziki wa Wamarekani, akanyoosha kidole kuunga mkono, akarudi nyumbani akaufungulia uleule. Nilipomuuliza ilikuwaje, alisema, "Mama Kabula, kikao ni kikao na Jumamosi ni Jumamosi."

Muziki wenyewe ulikuwa soul na funk, ile ya zamani, ya Wamarekani weusi. Sahani zake za santuri zilijaa sanduku moja la bati, kila moja ikiwa ndani ya mfuko wa kitambaa alioushona kwa mkono. Kiingereza hakujua. Hilo halikumzuia kutufasiria. Mwimbaji akilia kwa uchungu, Msimamizi alitikisa kichwa na kusema, "Huyu amerudi zamu akakuta mke kahama na sufuria zote." Mwingine akipiga ukelele, "Huyu paa linavuja, na mwenye nyumba hataki kusikia." Binti yangu Kabula alipofika kidato cha pili na kujua Kiingereza kidogo, alisikiliza wimbo wa sufuria akaniambia, "Mama, huyu anasema anampenda mtu tu." Nikamwambia anyamaze. Tafsiri ya Msimamizi ilikuwa nzuri zaidi.

Kucheza hakucheza. Alisimama pembeni, mikono nyuma, kama anakagua mitambo, na kilichocheza kwake ni kidole gumba cha mguu, ndani ya ndala. Ukitaka kujua kama wimbo ni mzuri, ulitazama kidole kile. Alikuwa na msemo wake: besi ndiyo mtande, sauti ni mshindio. Kwa asiyejua ufumaji, mtande ni zile nyuzi zinazotangulia kutandazwa kwenye mtambo, na mshindio ni uzi unaopita juu na chini yake. "Sauti mtu anaweza kuibadilisha," alisema. "Mtande ukioza, huna nguo."

Sasa nieleze ukumbi wa ufumaji, maana bila huo hutamwelewa. Mitambo ilipiga kelele kiasi kwamba ungeweza kumpigia mwenzako yowe sikioni asikusikie. Kwa hiyo tulijifunza kusema kavu: unachezesha midomo bila sauti, mwenzako anasoma. Tulisengenyana hivyo, tulitongozwa hivyo, na mpaka leo nikiwa kanisani na mfumaji mwenzangu tunaweza kumaliza habari za kwaya nzima padri akiwa anahubiri. Sisi wanawake tuliziba masikio kwa pamba, na pamba ilikuwa tele. Msimamizi alikataa. Alisema msimamizi aliyeziba masikio hawezi kusikia mtambo unaougua, na kweli, alikuwa anapita katikati ya kelele ile yote, anasimama ghafla, anaelekeza kidole mtambo mmoja, na fundi akiufungua anakuta kweli una shida. Masikio yale tuliyahusudu. Yeye aliyalipia.

Sheria yake kubwa ilikuwa moja. Uzi ukikatika, zima mtambo, inua mkono. Hapo hapo. Ukiuachia kwa uvivu au kwa hofu, kitambaa kinaendelea kutoka huku kina mstari mtupu katikati, na machoni kinaonekana kizuri mpaka siku kinapokunjuliwa. Aliyekutwa na kosa hilo hakutukanwa. Msimamizi alikuja, akasimama mbele yake, akauliza, "Mita ngapi?" Basi unakunjua kitambaa, unapima, wote wanakutazama, kisha unamtajia. Na hapo ndipo ilipokuwa adhabu yenyewe: ukijaribu kumtajia kavu, kwa midomo tu, alikataa. "Kosa halisemwi kavu," alisema. Ilikubidi upaze sauti yako yote ndani ya kelele ile ambamo hakuna atakayekusikia. Nilishawahi kupaza mita nane. Nililia siku ile, nikamchukia wiki nzima.

Asubuhi tuliyokuta mageti yamefungwa, watu walilia, wengine walitukana serikali, wengine walikaa chini tu. Walisema nguo za nje zimejaa sokoni na zetu hazinunuliwi tena. Msimamizi alisimama karibu na ukuta, ameinamisha kichwa, akaniuliza kavu, "Mbona bado inapiga?" Nikamjibu kwamba imezimwa yote. Akatikisa kichwa. "Naisikia."

Hakuacha kuisikia. Masikio yalianza kufa kwa sauti za watu, lakini ndani ya kichwa mitambo ikawa inakwenda, asubuhi, mchana, hata akiwa kanisani. Alinieleza mara moja tu, tumekaa uani kwake, mimi nimepitia kutoka soko la samaki la Mwaloni na ndoo yangu ya mapanki, maana baada ya kiwanda nilikuwa nakaanga na kuuza mifupa ile ya sangara inayobaki wakubwa wakishachukua minofu. Alisema kinachoifunika mitambo ni sahani zake tu. Besi ikiingia, mitambo inanyamaza. Alipoona siyasikii vizuri maneno yake, kwa sababu naye alishaanza kusema chini bila kujijua, alirudia kavu: "Nikikosa hizi, nitabaki na mitambo peke yake mpaka nife."

Halafu akaniomba jambo. Alisema masikio yake yanamwibia sauti, hawezi kuyaamini tena. Siku sahani ikiharibika, au sauti ikichafuka, yeye hatajua, bali mimi nitajua. "Wewe utainua mkono," alisema. Nikakubali. Nilikubali upesi, kama mtu anayeitikia shikamoo.

Jumamosi zile zilikuwa nzuri, nisidanganye. Tulianza wafumaji watano sita, wazee wa kiwanda, tukikumbuka ukumbi wa wafanyakazi alikokuwa akipiga sahani baada ya zamu. Kisha Kabula akaja na kanda yake. Wakati huo vijana wote walikuwa wamepagawa na Wamarekani wanaoghani, maneno mengi kama wanauza dawa. Kabula aliweka kanda ile kwenye redio yake uani kwa Msimamizi, nadhani kwa ujeuri tu, kumwonyesha mzee kuwa muziki umeendelea. Msimamizi aliweka kiganja juu ya spika. Alikaa hivyo kidogo. Kidole gumba kikaanza.

"Huyu mpiga besi namfahamu," alisema.

Kabula akacheka. "Babu, hiyo imetoka juzi!"

Hakusikia wala hakujali. Alienda kwenye sanduku la bati, akachambua mifuko yake ya kitambaa, akatoa sahani moja, akaiweka. Besi ikatoka ileile, kumbe wale waghani waliiazima humo, polepole zaidi, nene zaidi, na juu yake mwanamke anaimba badala ya yule wa maneno mengi. Kabula alifungua mdomo. Wiki iliyofuata alileta darasa. Vijana wa Kirumba wakawa wanakuja na kanda zao kama wanakuja kwa mganga, wanamwekea mzee kiganja kwenye spika, naye anawatajia mama wa kila mdundo. Walijifunza kupiga goti chini kabisa wakati wa shikamoo ili aone, kwa kuwa kuisikia hawezi, naye akaitikia "Marahaba" kwa sauti kubwa kupita kiasi. Waliomba wazirekodi sahani kwenye kanda. Hapo alikuwa mkaidi wa kupindukia. Alisema muziki haunakiliwi kama fomu ya likizo, anayeutaka aje akae. Nikamwambia, "Msimamizi, wape tu, watoto hawa." Akakataa kata kata. Hakuna sahani yake iliyowahi kurekodiwa.

Na kila sahani ilikuwa inapigwa na sindano moja.

Sindano ya gramafoni huchakaa, na ikichakaa haipiti tena kwenye mfereji wa sahani, inaulima. Hilo nilikuja kulijua baadaye. Yeye alilijua siku zote, ndiyo maana aliihesabia sindano yake miezi na kuanza kutafuta nyingine mapema. Madukani mjini palikuwa na kila kitu miaka ile. Soko lilikuwa limefunguliwa, ukitaka saa inayosema unapata, ukitaka maua ya plastiki unapata. Sindano ya santuri hakuna. Mwenye duka mmoja alimwandikia kwenye karatasi, kwa kuwa alichoka kupiga kelele: "Mzee siku hizi watu wananunua redio nzima." Mpwa wake aliyetumwa Dar alirudi kwa furaha na sindano za cherehani. Msimamizi alimshukuru sana kijana yule, akaziweka kabatini, akaendelea na ileile, akitegemea mkono wangu.

Mimi ndiye niliyeisikia kwanza. Jumamosi moja, mwimbaji alipopanda juu, sauti ilikwaruza, kama mchanga kwenye meno. Nilitazama wenzangu. Jirani mmoja, Msukuma mwenzangu, akaninong'oneza, "Kitu chake kinakwaluza hiki, mwambie." Msimamizi amesimama, mikono nyuma, uso umetulia, na kidole kinacheza. Zile sauti za juu hakuwa akizisikia tena. Yeye alikuwa na besi tu, na besi ilikuwa bado ipo.

Niliinua mkono. Naapa niliuinua. Aliuona, na uso wake ukawa ule wa kiwandani, akaanza kuja kwangu kwa hatua zile ndefu. Vijana walipoona nimeinua mkono walidhani nacheza, nao wakainua yao, uani kote mikono juu, Kabula akiwa mbele. Msimamizi akasimama mbele yangu, akauliza kavu, "Uzi?"

Nikamtazama. Nilifikiria mitambo ile kichwani mwake. Nikafikiria kuwa nikisema, atafunga sanduku leo hii, kwa sababu namjua, na sindano nyingine hakuna, na atabaki na mitambo yake. Huruma ikanishika. Nikamjibu, "Hapana, nacheza tu."

Alitabasamu. Sijawahi kumwona akitabasamu hivyo, meno yote nje. Alifurahi kwamba hata Mama Kabula anacheza.

Baada ya hapo ikawa rahisi kunyamaza. Kila Jumamosi sindano ililima sahani nyingine. Vijana walianza kupungua. Walisema kwa adabu kwamba wana mitihani. Kabula aliniambia, "Mama, zinaharibika zile, kwa nini humwambii?" Nikamkemea asimvunje mzee moyo. Mimi! Mwaka ukapita hivyo, na mwaka mwingine. Sahani zikabaki mkwaruzo, na chini ya mkwaruzo kitu kinachotetemeka kidogo, na mwisho hata hicho kikapungua. Aliweka kiganja kwenye spika, akakibonyeza, akabadilisha mkono. "Leo besi imekaa mbali," alisema. Wiki nyingine akainama akaweka meno kwenye ubao wa sanduku la spika, mtu mzima yule, na bugaluu yake. Niligeuka upande nikajidai natazama jiko.

Kisha siku moja akafunga gramafoni. Akasema masikio yamekwisha kabisa, Mungu amemaliza kazi yake, na mtu asiyesikia kitu anaweza kutosikia kijijini kwao kama mjini. Akampa jirani ile gramafoni. Sahani akasema atakwenda nazo, azikwe nazo. Uso wake ulikuwa umekonda, macho yanahama hama. Nilijua anasikia nini. Alikuwa anasikia zamu ya asubuhi.

Tulimsindikiza mpaka Kigongo, kwenye kivuko, mimi na Kabula, ambaye sasa alikuwa amemaliza kidato cha nne. Kivuko kilikuwa bado kinatoka Busisi, kidogo kwa mbali, na watu wamejaa na magunia yao, wauza samaki wa kukaanga wanapita na sinia. Msimamizi alikaa kwenye sanduku lake la bati. Karibu nasi palikuwa na kibanda cha kuuza kanda, na spika kubwa ajabu, ya urefu wa mtu, na muuzaji kijana alikuwa anapiga kanda moja baada ya nyingine kuita wateja. Akaweka ile. Ile ya Kabula, ya maneno mengi.

Kabula alimshika mzee mkono akamwinua. Sikujua anataka nini. Alimpeleka mpaka kwenye spika, akamwekea kiganja juu yake kama zamani.

Msimamizi akashtuka. Alisimama hivyo, kinywa wazi. Kisha kidole gumba kikaanza. Akaweka mkono wa pili. Akaweka paji la uso. Nilipomkaribia alikuwa analia na anacheka pamoja, akapiga kelele, hajui ni kwa ukubwa gani, "Imenyamaza! Mama Kabula, mitambo imenyamaza! Naisikia besi!"

Watu walicheka kwa kumfurahia. Muuzaji akaongeza sauti. Na mimi nikaona uso ule unavyobadilika, kidogo kidogo, kwa sababu yule mtu alitumia maisha yake kutafuta kosa liko wapi, na hakuacha kutafuta hata siku ile. Alitoa mikono kwenye spika. Akatazama sanduku lake la bati pale lilipokaa. Akanitazama mimi.

"Masikio yapo," alisema. "Basi sahani zangu zilikuwa na nini?"

Ningeweza kudanganya tena. Kivuko kilikuwa kinafika, watu wanasukumana, ningemwambia spika hii ni kubwa, basi. Nikachezesha midomo. Nilimwambia sindano ilikwisha zamani. Nilimwambia nilisikia tangu Jumamosi ya mikono juu. Nilimwambia sikuwa nacheza.

Alisoma yote mpaka mwisho. Hakukasirika, ningefurahi angekasirika. Alinyoosha mgongo, akaweka mikono nyuma, akasimama mbele yangu kama alivyosimama miaka yote ile.

"Mita ngapi?"

"Zote," nikasema kwa midomo.

Akatikisa kichwa. "Kosa halisemwi kavu, Mama Kabula."

Nikavuta pumzi. Kabula alikuwa amejifunika uso kwa kanga. Nikapaza sauti yangu yote, mpaka waliokuwa wameanza kupanda kivuko wakageuka na muuzaji akazima kanda yake: "Zote, Msimamizi! Zote!"

Aliitikia kwa kichwa mara moja. Akainama, akanyanyua sanduku lake, akalipakata kifuani kwa mikono yote miwili kama mtu aliyebeba mtoto aliyelala, akaingia kivukoni bila kunipa mkono.